Mnaotuambia tusipime tabia za viongozi wa kitaifa, mnatukosea

Wanajukwaa, assalaam aleikum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima ile ile.

Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila mtu hapa Mombasa anayethubutu kuuliza juu ya uadilifu wa mwanasiasa wa kitaifa hujibiwa kwamba siasa haina malaika, na akishikilia swali lake huambiwa kwamba huyo anayemsema ni mtu wetu, na kwamba anayemsema vibaya mtu wetu anaitakia Pwani mabaya. Majibu haya yameenea kwenye barza zetu, kwenye matanga yetu na hata misikitini, na kazi yake ni moja tu, kutufunga midomo. Hakuna aliyeomba malaika. Tulichoomba ni mtu ambaye maneno yake ya jukwaani yanaweza kuwekwa kando ya sahihi yake ya ofisini bila yeye kuona haya.

Nianze na jambo linalotuuma sisi wenyewe, yaani bandari. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo iliyotoka nje ya nchi na kuelekea Nairobi na bara isafirishwe kwa reli hiyo, ikafanyiwe shughuli zake za forodha huko Embakasi. Walioishi Changamwe, Jomvu na Miritini hawahitaji kusimuliwa yaliyofuata. Kulikuwa na yadi moja ya makontena karibu na kwetu ambayo asubuhi malori yalipanga foleni kuanzia getini hadi barabara kuu, madereva wakila mahamri na mbaazi kwa mama mmoja aliyekuwa na meza yake chini ya mwarobaini, huku makarani wakikimbizana na makaratasi mkononi. Miezi michache baada ya amri ile, lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na yule mama alikuwa ameondoka na meza yake, kwa sababu hakuna dereva wa kumuuzia. Wafanyabiashara na vijana waliandamana kila Jumatatu, wakafukuzwa kwa vitoa machozi. Na Oktoba ya mwaka ule ule, Sikukuu ya Mashujaa iliandaliwa papa hapa, kwenye bustani mpya ya Mama Ngina, nasi wengi wetu tukaenda tukapiga vigelegele kwa viongozi wale wale. Nani asingetudharau?

Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za uondoshaji wa mizigo zinarudi Mombasa. Haki yake apewe, kwa kuwa alikuwa ameahidi na akatangaza siku ya kwanza, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini hebu tuulizane kwa utulivu. Serikali iliyozihamisha shughuli hizo ilikuwa na Naibu Rais, na Naibu Rais huyo alikuwa ni yeye, tangu mwaka 2013 hadi asubuhi ile ya kiapo. Kama alijua kwamba tunadhulumiwa, msimamo wake ulikuwa wapi zile Jumatatu, wakati ambapo kusimama nasi kungemgharimu kitu? Tabia ya kiongozi hupimwa hapo, kwenye jambo linalomgharimu. Kurudisha kilichochukuliwa na serikali uliyokuwamo ni jema, ila si ushujaa wa kumfanya mtu aimbiwe kasida, na ajabu ni kwamba tulimwimbia.

Msidhani namlenga yeye peke yake. Upande wa pili, ambao Pwani imeupa kura zake kwa miaka mingi kuliko upande wowote, umetutendea yayo hayo kwa lugha tamu zaidi. Tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee, baada ya watu kuuawa katika ghasia za uchaguzi wa 2017 na baada ya sisi kugombana na majirani zetu kwa ajili yao. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana, viongozi wa ODM, chama cha Raila, waliingia katika baraza la mawaziri la serikali waliyokuwa wakiipinga, na mmoja wao ni aliyekuwa gavana wetu, Hassan Joho, aliyepewa wizara ya madini. Marehemu Raila hayupo tena, Mungu amrehemu, na sitaki kumsema maiti. Sipingi wala sijapata kupinga watu kupatana. Ninachopinga ni kwamba si mwaka 2018, wala 2024, hakuna aliyetuketisha wapigakura akatueleza ni lipi hasa katika yale tuliyoyaandamania lililokubaliwa na ni lipi lililoachwa. Tuliarifiwa kupitia runinga kama wageni waalikwa, kisha siku iliyofuata wakereketwa wakaanza kutetea kile walichokuwa wakikitukana juzi, bila hata ya kumeza mate.

Sasa tuje kwenye sheria, maana kuna wanaosema kwamba suala la tabia ni la mashekhe na mapadri. Si kweli. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 ina Sura nzima ya Sita inayohusu uongozi na uadilifu, na Ibara ya 73 inasema wazi kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni amana ya umma, na kwamba yanampa jukumu la kuwatumikia watu wala si uwezo wa kuwatawala. Lakini Ibara ya 99, ile inayotaja sababu za kumzuia mtu kugombea ubunge, inaongeza kwamba hazuiliwi mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziwe zimekwisha, na kesi za watu wenye uwezo wa kulipa mawakili hazifiki mwisho kabla ya muhula kwisha. Uchaguzi wa 2022 ulipokaribia, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliwasilisha orodha ya wagombea zaidi ya 200 iliyowatilia shaka, na wengi wao majina yao yalichapishwa kwenye karatasi za kura kama kawaida.

Hapa kwetu tulipata mfano wetu. Mike Sonko alibanduliwa ugavana wa Nairobi na Seneti mnamo Desemba 2020, kisha mwaka 2022 akaja Mombasa kutaka tumchague awe gavana wetu. Mahakama ya Juu ilipokubali mwezi Julai kwamba aling'olewa kihalali, safari ile ikaishia hapo. Bado nawakumbuka watu wazima wenye akili zao, wenye wajukuu, waliokuwa wakinieleza kwamba aliyoyafanya Nairobi ni ya Nairobi, kwani kwetu alikuwa akigawa maji na chakula. Kwa mantiki hiyo, mji huu ungekuwa jaa la kila aliyeshindwa kwao. Mahakama ndiyo iliyotunusuru, maana sisi wenyewe tulikuwa tayari kumpokea kwa matarumbeta.

Na kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais wa Ruto. Julai 2022, wiki mbili kabla ya kura, Mahakama Kuu iliamuru zaidi ya shilingi milioni 200 zilizokuwa kwenye akaunti zinazomhusu zitwaliwe na serikali, ikisema hazikuelezwa zilivyopatikana kihalali. Yeye aliupinga uamuzi huo na kusema ni siasa, na ilikuwa haki yake kukata rufaa. Wenzake wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walimzunguka, wakatuambia anaonewa, na Novemba mwaka huo kesi ya jinai iliyokuwa ikimkabili ikaondolewa. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Oktoba 2024, wabunge 281 walipiga kura ya kumbandua, na miongoni mwa mashtaka waliyomwekea ni mali isiyoelezeka. Mtu ni yule yule. Kama uadilifu wake ulikuwa na kasoro mwaka 2024, mwaka 2022 mlikuwa mmefumba macho, na kama mwaka 2022 alikuwa msafi, basi mtueleze kilichobadilika zaidi ya uhusiano wake na bosi wake. Sina machozi ya kumlilia, maana naye alikuwa akihesabu hisa za serikali kwa misingi ya nani alimpigia nani kura. Linaloniudhi ni kwamba uadilifu umegeuzwa rungu la kuwekwa nyuma ya mlango, linalotolewa siku ya ugomvi tu.

Niwarejeshe Juni 2024, kwa kuwa tunasahau upesi sana. Tarehe 25, wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, dhidi ya 106 walioukataa, na vijana walipokuwa wakipigwa risasi nje ya Bunge, waliopiga kura walitolewa kwa njia za siri. Siku iliyofuata, Rais alisimama Ikulu kutangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Tazameni tena picha za siku ile. Wabunge wa upande wake wamepangwa nyuma yake, na anapotangaza kuutupa mswada ambao chama chao kiliupitisha mchana wa jana yake, wanapiga makofi. Makofi! Jana walitwambia kwamba bila mswada ule nchi itakwama, na leo wanashangilia kifo chake, bila ya hata mmoja kati yao kujiuzulu. Mimi nikitaka kumjua mbunge ni wa aina gani sihitaji wasifu wake; picha ile inanitosha.

Kisha kuna suala la harambee, ambalo ndilo linalotupofusha zaidi. Julai 2024, moto wa maandamano ukiwa haujazimika, Rais alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango ya hadharani. Novemba ya mwaka ule ule, yeye mwenyewe alitoa mamilioni katika kanisa moja la Katoliki mtaa wa Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Marufuku haikudumu hata nusu mwaka mikononi mwa aliyeitoa. Huyo askofu mkuu namheshimu, nami ni Muislamu, na ningependa kuona baadhi ya kamati zetu za misikiti hapa mjini zikiwa na uti wa mgongo kama wake, badala ya kumpangia mheshimiwa safu ya mbele kwa sababu amekuja na bahasha na mazulia.

Najua mtasema kwamba hakuna aliye tofauti. Yupo aliyejaribu. Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, na Septemba 2020 Maraga huyo huyo akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya usawa wa kijinsia ambayo Katiba inaidai. Ushauri ule ulitiwa kapuni, na waliokuwa wakiupuuza ndio hao wanaotuhubiria kila siku juu ya utawala wa sheria. Simpigii debe, kwa kuwa siku hizi naye ni mwanasiasa na atapimwa kwa mizani ile ile.

Ibara ya 104 ya Katiba inatupa haki ya kumwita mbunge nyumbani kabla ya muhula kwisha, na tangu 2010 hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa. Sehemu za sheria zilizotungwa na Bunge kuitekeleza haki hiyo zilikuwa na vikwazo vingi hata Mahakama Kuu ikazibatilisha mwaka 2017. Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwetu ni tarehe 10 Agosti 2027, na kabla ya siku hiyo watarudi uwanja wa Tononoka na leso na fulana zao.

Kura za Bunge za tarehe 25 Juni 2024 ziliandikwa kwa majina, na kumbukumbu rasmi zake ziko wazi kwa yeyote. Ninawaomba wenye nafasi tusaidiane kuyaweka hapa majina ya wabunge wote wa kaunti zetu sita za Pwani, pamoja na namna kila mmoja alivyopiga kura siku ile na siku ya Gachagua, na waliokuwa hawapo waandikwe kwamba hawakuwapo. Atakayetaka kumtetea mmoja wao aje na sababu ya kura yake, asije na picha ya mchango.