KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya): binti abebe masomo 7 au 8?

MamaWawili: Jameni nisaidieni, binti yangu yuko Form Two na wiki ijayo lazima ajaze fomu ya masomo. Anataka uuguzi. Akiacha fizikia anabaki na hesabu, Kingereza, Kiswahili, bayo, kemia, historia na biashara, hayo ni 7. Akiibeba ni 8. Sasa fizikia amepata D mihula miwili mfululizo, hesabu ni C. Naogopa akiiacha atajuta na akiibeba itamvuta chini. Nyinyi mngefanyaje?

KijanaWaThika: Abebe 8 bila kufikiria sana. Gredi ya mwisho inatoka kwa masomo 7 kwa hiyo la nane ni kama spea, mi nilianguka historia ikatupwa nikapita vizuri tu.

TichaWaKemia: Spea ndio, lakini haiokoi kila kitu. Hesabu lazima ihesabiwe kama zamani, halafu tangu 2023 ni lugha moja aliyofanya vizuri, halafu matano bora kati ya yaliyobaki. Hesabu ikienda vibaya hata abebe 9 iko palepale kwa gredi. Na mama uhesabu pepa pia, hayo 7 yana pepa 18, fizikia inaongeza 3 na moja ni praktiko. Muda wa kujiandaa unatoka wapi kama si kwa kemia na bayo ambazo ndizo anazihitaji? Nimeona watoto wengi wazuri wakichoka hapo, inaniuma kila mwaka.

ShangaziK: Kwanza muulize hiyo ndoto ya uuguzi ni yake ama ni yako. Kama kuna hata kidogo ya uinjinia moyoni, fizikia asiiache, hapo hakuna njia ya kando. Kwa klasta (kundi la masomo ambalo chuo kinaangalia kwa kozi) ya udaktari na uuguzi, bayo na kemia ni lazima, halafu hesabu AU fizikia, kwa hiyo fizikia inamfaa tu kama itashinda hesabu. D haiwezi kushinda C. Klasta ni masomo 4, pointi 48, lakini ile jumla ya pointi 84 za masomo yote 7 pia inaingia, so msipuuze historia na biashara.

KijanaWaThika: Hiyo ya lugha moja sikuijua, sisi tulifanya kabla ya 2023. Basi kama ni spea achukue kitu anachokiweza, jiografia ama CRE (somo la dini ya Kikristo).

MamaWawili: Nimekaa naye jioni hii. Nimeuliza kama ulivyosema Shangazi, akaniambia tangu nilazwe mwaka juzi anataka kuwa nesi, sikuwa najua. Amesema jiografia hataki, anataka 7 na ile tuisheni ya fizikia ya Jumamosi igeuzwe iwe ya hesabu. Fomu tunarudisha Jumatatu. Ticha, C ya hesabu kwa Form Two inaweza kufika B kweli?

TichaWaKemia: Inafika, ana miaka miwili. Aanze na yale maswali ya Form One aliyoruka.