Simu tunazouza hapa Kampala, aliyeziunga kule China anatetewa na nani?

Fundi_Kafeero
Wandugu habari zenu. Mimi natengeneza simu hapa jengo la Mutaasa Kafeero mwaka wa tisa sasa. Juzi nilifungua simu ya mteja, skrini imepasuka, haijawahi kuguswa na fundi, na ndani nikakuta unywele mrefu mweusi umenasa kwenye gundi ya kiwandani chini ya betri. Nikakaa nao kwenye kibanio muda mrefu. Kumbe kuna binti alikaa mahali akaibandika hii betri kwa mkono wake na mimi miaka yote nasema tu simu "zinatoka China" kama mahindi yanavyotoka shamba. Sasa nauliza, huyo binti akinyanyaswa nani ajibu, mwenye kiwanda au mwenye jina lililoandikwa nyuma ya simu?

MamaSwabra
Kaka wote wawili, ila mwenye jina ndiye mwenye nguvu. Mimi nafuata mzigo Guangzhou, makampuni makubwa mengi ya simu hayana viwanda vyao, wanampa oda mtu mwingine. Foxconn ya Taiwan ndiyo inaunga simu nyingi za Apple na kazi za wengine wengi. Mwaka 2010 vijana wa Foxconn, wengi wao hapo Shenzhen, walikuwa wanajirusha kutoka ghorofani, walikufa 14 mwaka huo mmoja, na kampuni ikafunga nyavu kuzunguka majengo. Nyavu jamani! Mshahara wa msingi ulikuwa yuan 900 kwa mwezi, dunia ilipopiga kelele ukafika 1,200. Kwa hiyo msiambiwe kelele hazisaidii.

Kijana_wa_Jinja
Lakini mama si wale wafanyakazi wenyewe ndio wanaomba overtaimu? Mtu ametoka kijijini anataka pesa atume nyumbani, ukimpunguzia masaa umemsaidia nini?

MzeeBakari_Bombo
Mwanangu, wanaiomba kwa sababu msingi haushibishi. Sheria ya China inasema saa 40 kwa wiki na overtaimu isizidi saa 36 kwa mwezi. 2012 Apple waliwaita Fair Labor Association, shirika linalokagua hali za wafanyakazi, wakakagua viwanda vitatu vya Foxconn, wakakuta kazi zikipamba moto watu wanapita saa 60 kwa wiki. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwanda kimoja cha kushona hapa hapa kwetu, najua inavyokwenda. Mnunuzi wa ng'ambo anabadilisha rangi Alhamisi, tarehe ya meli haibadiliki, basi geti linafungwa na watu wanashona mpaka usiku wa manane. Mkaguzi akija anapewa rejista safi yenye saa 48 kwa wiki kama sheria yetu ya ajira ya 2006 inavyotaka, ile ya kweli iko kwenye droo ya supavaiza, nimeiona kwa macho yangu. Kwa hiyo mimi ukaguzi peke yake siuamini, aulizwe aliyeminya bei na tarehe. Ufaransa toka 2017 wana sheria inayolazimisha makampuni makubwa yawajibike mpaka kwenye viwanda vinavyowauzia mzigo, huko ndiko kuzuri. Sisi Uganda kima cha chini cha mshahara bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha 1984, na muswada wa kima hicho ambao bunge liliupitisha 2019 rais hakuutia saini.

MamaSwabra
Na madawa ya kiwandani msisahau. Kiwanda cha Wintek kule Suzhou, 2009, waliacha spiriti wakawapa wafanyakazi heksani kufutia skrini kwa sababu inakauka haraka zaidi, chumba hakina hewa. Waliumia 137, neva ziliharibika, mtu mikono inakufa ganzi hata kutembea shida. Yote hiyo kuokoa sekunde chache kwa kila skrini.

Fundi_Kafeero
Asanteni sana, mzee shikamoo. Mama hapo kwenye heksani nimesoma mara mbili. Mimi nasafishia bodi za simu kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na siku nyingine petroli, na kibanda changu hakina dirisha, feni iko upande wangu. Kijana ninayemfundisha ndiye anayesugua kutwa nzima na mwezi uliopita aliniambia kichwa kinamgonga kila jioni nikamwambia anywe maji. Leo nimemhamishia feni na tina nimeifungia. Ile spiriti ya isopropili hapa mjini inauzwa duka gani, na lita wanatoa bei gani?