Friza ya barafu Tumbe: nitie sola au nisubiri umeme utulie?

Mwana wa Tumbe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakaa Tumbe, Pemba, nyumba yetu haiko mbali na diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Nina friza moja ya kulala na kazi yangu ni kugandisha maji. Kwa siku natoa vifuko 30 vya lita moja, kimoja shilingi 500. Wanunuzi wangu ni wavuvi na akina mama wanaochukua pweza na changu kupeleka Konde na Chake. Zamani vyombo vilirudi mapema, barafu haikuwa na haja sana. Sasa vijana wanafuata samaki mbali, jua kali, na asiye na barafu anarudi na samaki macho yameshazama.

Tabu ni umeme. Ikifika magharibi unapungua nguvu, taa inakuwa rangi ya chai ya mkandaa, friza inanguruma haiwaki, halafu "tak", inazima. Mwaka jana kompresa, ile mashine inayosukuma baridi ya friza, iliungua hivyo hivyo. Mwezi uliopita tulikosa umeme kutwa nzima, nafungua mfuniko nakuta vifuko vinachezacheza maji. Kuna mama alikuwa akinitegemea, pweza wake kilo 12 ikabidi awauze kwa bei ya kutupa. Hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Muuzaji mmoja kaniambia ninunue betri kubwa nne ili friza itembee usiku kucha kwa sola. Bei yake ni mtaji wangu wote. Nifanye?

Fundi wa Wete

Waalaykum salaam dada. Usinunue betri nne. Barafu yenyewe ndiyo betri yako.

Sikiliza. Lita moja ya maji yetu haya ya vuguvugu mpaka igande inakula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Vifuko 30 ni uniti 3, ongeza moja ya joto linalopenya friza ikiwa imetulia. Uniti 4 kwa siku. Usichukue maneno yangu tu: soma mita yako ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, jioni, zima vitu vyengine vyote, soma tena jioni ya pili.

Kwa jua letu, paneli mbili za wati 550 zinaweza kukupa hizo uniti 4 siku ya jua zuri. Gandisha mchana, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Usiku friza haina haja ya kutembea. Panga chini madumu madogo ya maji ya chumvi yaliyoganda, usifungue mfuniko ovyo, na uangalie ule mpira wa pembeni: ukibana noti ya karatasi ikatoka bila ya kushika, mpira umekufa na baridi yako inamwagika sakafuni. Betri moja ndogo ya lithiamu inatosha kuvusha mawingu. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, usichukue ndogo, kwani kompresa inapoamka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapotembea.

Paneli zielekee kaskazini, mlalo wa nyuzi kama 10 mvua izioshe. Usizilaze juu ya bati, wacha nafasi upepo upite, maana kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 inapunguza karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Na kwenu hapo pwani, nati ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila wiki paneli uzimwagie maji ya kisima yasiyo na chumvi.

Masika utapata nusu. Kwa hiyo umeme wa shirika usiukate.

Mkaazi wa Jang'ombe

Nakubaliana na fundi, umeme wa shirika usiukate, lakini usiutegemee peke yake. Sisi Unguja tulikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya mmoja tu wa baharini ulipoharibika. Pampu zilikufa, nilikuwa nikichota maji kisimani kwa jirani alfajiri na ndoo mbili, na mtaa mzima ukinuka petroli ya majenereta. Waya wa pili wa megawati 100 ulikuja 2013. Nyinyi Pemba mlitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha mwaka 2010, mlipovutiwa waya kutoka Tanga, na mpaka leo mnategemea huo.

Bwawa la Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, kheri kubwa, lakini umeme wake lazima upite baharini kutufikia. Mimi naona serikali ingewakopesha paneli akina mama wa madiko kama wewe kabla ya hoteli. Barafu ya Tumbe ni chakula cha watu.

Nahodha mstaafu

Mwanangu, sisi tulivua dagaa kwa karabai, mafuta yakila nusu ya pato. Leo wajukuu wangu wana taa za betri, wanachaji kwa sola mchana. Tulisema haitowezekana. Msikilize fundi.

Mwana wa Tumbe

Shukran nyote, na wewe babu Mungu akuweke. Nimesoma mita: kutoka jana magharibi mpaka leo magharibi, uniti 4.6. Noti nimeibana pande zote, upande wa bawaba inatoka yenyewe. Kesho nautafuta mpira Konde kabla ya kitu chengine chochote.

Fundi, suala moja limebaki. Upande wa kaskazini pana mnazi alioupanda marehemu baba. Leo nimepanda ngazi kila saa nikachora kivuli chake juu ya bati kwa mkaa. Mpaka saa nne na nusu kinafika katikati ya paa, baadae kinaondoka. Kivuli cha kuti moja kinaharibu paneli moja au zote mbili? Sitaki kuukata.

Fundi wa Wete

Zikifungwa kwa mfuatano, yaani waya wa moja ukaingia kwa nyengine, kivuli kikigusa moja kinaweza kuzishusha zote mbili. Usiukate. Paneli tutaziweka upande wa magharibi wa paa, tutaanza kugandisha saa tano. Nakuja Jumamosi na kipimo changu.