Baba akiwekewa nyaya za ubongo, atarudi ni yule yule?

BintiMakorora: Assalaam aleikum wadau. Baba ana miaka 66, mwaka wa tisa huu na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Ni fundi mashua hapa Tanga. Levodopa, dawa ya ugonjwa huo, anameza mara tano kwa siku. Ikikolea anashika randa mwenyewe, ikiisha nguvu kahawa inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Kaka yangu wa Uingereza anataka tumpeleke India akawekewe nyaya za umeme kichwani na betri kifuani, kutuliza mtetemo. Mimi mkono wake nimeshauzoea, haunitishi tena. Naogopa akili. Baba akikaa barazani hutunga papo kwa papo, watu wakajibizana naye mpaka isha. Mama kasema, "Bora atetemeke, lakini awe yeye." Kuna aliyeuguza mtu wa namna hii?

Pwani_Tulivu: Kichwa si boneti ya gari dada. Mtwangieni mbegu za upupu, ni dawa ileile.

MamaRaskazone: Levodopa kwenye upupu imo, hilo kweli. Lakini nani kaipima? Mzee anameza vidonge mara tano, ukimwongezea na upupu ataanza kujinyonganyonga mwili mzima. Tuyaache.

Binti, mume wangu alifanyiwa 2017. Si majaribio hayo: yalianzia Grenoble, Ufaransa, 1987, na Marekani waliyaidhinisha kwa Parkinson 2002. Kabla ya kumpasua walimkalisha asubuhi nzima wakimpima akili. Wangemkuta na dalili za kuporomoka akili za uzeeni, wasingemgusa. Kipimo kimoja: taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Yeye mchuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, akawapa samaki! Changu, nguru, jodari, kolekole, tasi, chewa… kumi na tisa. Baada ya mwaka, kumi na wawili.

Basi hicho ndicho kilichopungua: wepesi wa kuchota neno. Madaktari wenyewe wanasema ndilo badiliko linaloonekana zaidi, na wengine huanza nalo hata mashine haijawashwa, kwa ile njia tu waya iliyopita. Muulizeni daktari kama waya itakwepa kiini cha kaudati, sehemu mojawapo ya ndani ya ubongo. Ikikipitia, akili huwa hatarini zaidi. Umeme hupunguzwa, waya ikishapita imepita.

Kumbukumbu yake haikuguswa. Madeni ya mwaka 1998 anayo kichwani, kwa majina. Ila walipompunguzia dawa alipoa miezi mitatu, hana hamu hata ya mpira, nikadhani nimeletewa mtu mwingine. Walipoirudisha kidogo akachangamka. Na jueni: kuyumba na sauti kufifia havikupona. Ugonjwa wenyewe nao unaendelea na safari yake, kwa hiyo si kila usahaulifu wa baadaye mtaulaumu upasuaji.

Anasinzia mbele za watu? Anaona vitu visivyokuwepo? Yasemeni hayo mapema.

BintiMakorora: Haoni vitu, alhamdulillahi. Jana nimempima kimyakimya, dakika moja, sehemu za mashua: mkuku, taruma, fashini, dasturi, foromali… ishirini na mbili. Akaniuliza naandika nini. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akasema niyaandike na mashairi yake yote kabla ya safari, na ya mama asiyaone. Leo nimenunua daftari la kurasa mia mbili.