Wazazi wa Kata: Maboma ya 2028

Mama Rehema, 06:12
Assalaam alaykum na habari za asubuhi, ndugu wazazi. Jana nilihudhuria kikao cha bodi ya sekondari yetu. Kama mnavyofahamu, watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanasoma mtaala mpya, na elimu yao ya msingi itaishia darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028, na shule yetu haina pa kuwaweka.

Mama Rehema, 06:15
Halmashauri imeahidi kupaua na kumalizia, ikiwa wananchi tutanyanyua maboma mawili ya madarasa hadi usawa wa lenta. Naomba kila mzazi aandike hapa atatoa nini: fedha, mchanga, matofali au nguvu zake.

Mama Rehema, 11:40
Naona mmesoma karibu nyote, na hakuna aliyejibu.

Baba Asha, 12:55
Dada, kwa heshima zote, naomba ufafanuzi. Tangu Januari 2016 tunaambiwa elimu ni bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 wakaongezwa wa kidato cha tano na cha sita. Ikiwa ada imeondolewa na mchango umerudi kwa mlango wa nyuma, mimi mwenye watoto wanne nimepata nafuu gani?

Mama Rehema, 13:03
Kaka, ile ada ya kutwa ya shilingi 20,000 kwa mwaka serikali inaifidia, na juu yake inaleta ruzuku ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi. Hiyo ni ya chaki, mitihani na kuziba bati linalovuja, wala haijengi darasa. Yale madarasa ya fedha za kukabiliana na UVIKO ya mwaka 2021 yalijengwa bila sisi kutoa hata tofali moja, nayo yameshajaa. Jana nimemwona mtoto wa kidato cha kwanza akiandika huku ameegemeza daftari mgongoni kwa mwenzake, na huyo mwenzake ametulia kabisa kwa kuwa ameshazoea. Halafu hakuna aliyesema mchango ni lazima, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

Fundi Juma, 13:10
Mimi natoa nguvu zangu siku mbili, kwa sharti kwamba mafundi tupikiwe pilau.

Mama Salima, 13:12
Pilau litapikwa na nani? Lile la mara ya mwisho lilikuwa na mchanga mwingi kuliko boma lenyewe.

Fundi Juma, 13:13
Ndiyo maana kuta zile hazijapasuka hadi leo, shemeji. Tulikula kokoto, tukajenga kwa wali.

Mama Salima, 13:14
😂😂😂

Mama Rehema, 13:20
Ndugu zangu, tunazungumzia watoto.

Mama Zawadi, 14:02
Nami nina neno. Binti yangu yuko kidato cha pili, na tangu muhula uanze hajafundishwa fizikia, kwa sababu mwalimu aliyekuwepo amehamishwa na mwingine hajaletwa. Kabla ya kuongeza vyumba, je, bodi imeuliza nani atasimama mbele ya ubao?

Baba Neema, 16:21
Swali la Mama Zawadi ni zuri, lakini langu linatangulia. Kabla ya kuombwa matofali mapya, tuelezwe yalikokwenda yale ya zamani. Saruji nayo isisahaulike, maana kuna karo la maji machafu la mtu lilijengwa vizuri mno msimu ule. Wanaojua wanajua.

Baba Asha, 16:25
Naunga mkono hoja.

Mama Rehema, 16:26
Shemeji, nilijua utafika hapo, na nilijua utamngoja mume wangu asafiri kwanza.

Baba Neema, 16:27
Sikumtaja mtu.

Mzee Mwalimu, 20:34
Nimewasoma tangu alfajiri. Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tulichukuliwa baada ya darasa la saba, tukafundisha huku tukifundishwa, kwa kuwa watoto waliandikishwa kwanza, na vyumba pamoja na walimu wakatafutwa baadaye. Nimesomesha chini ya mwembe, na wengi wenu mlikaa pale. Mwaka 2028 hautatusubiri tumalize kucheka.

Jambo la karo lilikwisha barazani kwangu, mbele ya mashahidi, na sitaki kulisikia tena. Lakini safari hii fedha isipite katika simu ya mtu yeyote aliyemo humu, hata ya binti yangu Mama Rehema.

Baba Neema, 20:51
Shikamoo, Mwalimu. Nimenyamaza.

Mama Salima, 20:52
Shikamoo, Mwalimu. Tumesikia.

Mama Rehema, 21:30
Nimesikia, baba. Basi iingie katika akaunti ya shule, na anayelipa apewe stakabadhi. Ninahitaji watu wawili wa kufuatana nami kwa mtendaji wa kata Jumamosi, ili ahadi ya halmashauri tuipate kwa maandishi.

Baba Asha, 21:44
Jumamosi kuna maziko ya upande wa pili. Labda Jumapili.

Mama Salima, 21:45
Jumapili ofisi imefungwa, kaka.

Mama Zawadi, 21:50
Na lile la mwalimu wa fizikia?

Baba Khamisi, 22:17
Samahani, nilikuwa njiani na mtandao ulisumbua. Natoa lori moja la mchanga, na dereva anaweza kuuleta kesho asubuhi. Aumwage wapi?

Fundi Juma, 22:19
Nyuma ya maabara, ila asizibe njia ya choo cha wasichana.

Mama Rehema, 22:20
Asimwage popote kwanza, Baba Khamisi. Kiwanja hakijapimwa.

Baba Khamisi, 22:31
Ameshapakia.