Ajali ya Longido, mdaiwa yuko South B: sheria ya nani?

MamaWawili_Umoja: Habari za jioni. Mume wangu alivunjika nyonga karibu na Longido, wakitoka Arusha kurudi Nairobi. Gari ni la Kenya, dereva ni Mkenya wa South B, Nairobi, bima ilikatwa hapa. Mtu wa bima anasisitiza tukashtaki Arusha eti ajali ni ya Tanzania. Mgonjwa hawezi kukaa garini hata nusu saa. Ni lazima?

Wakili_Upperhill: Pole sana dada, mpe mzee pole zangu. Si lazima, na inaniuma mgonjwa kuambiwa hivyo.

Mahakama ya kusikiliza ni jambo moja, sheria ya kutumia ni jingine. Dereva anaishi Nairobi, basi ashtakiwe mahakama ya Milimani, hapa hapa Nairobi.

Kuhusu sheria, tulirithi kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwepo 12 Agosti 1897. Kesi ya Phillips v Eyre ni ya 1870, kwa hiyo imo: kosa la ng'ambo hudaiwa nyumbani ikiwa hapa pia lingedaiwa, na huko lilikotendeka halikuhalalishwa. Uzembe barabarani unapita pote pawili.

Soma pia Boys v Chaplin ya 1969. Wanajeshi wawili wa Uingereza waligongana Malta. Kwa sheria ya Malta majeruhi angepata pauni 53 tu za hasara ya fedha. Ya Uingereza ilifidia na maumivu, pauni 2,250 zaidi. Majaji walimpa zote, kwani wote wawili walikuwa Malta kikazi tu. Kwa kuwa ni ya baada ya 1897 haiwafungi mahakimu wetu, lakini kisa chenu kinaikaribia mno.

Bima wakitaka sheria ya Tanzania, waithibitishe wao kwa shahidi mtaalamu.

Ajali ilikuwa lini? Hapa una miaka 3 tu ya kufungua kesi, na "tunashughulikia" ya bima haisimamishi hesabu hiyo.

Trela_Namanga: Mama, hakikisheni mna PF3, fomu ya majeruhi ya polisi wa Tanzania, na nakala ya ripoti yao. P3, fomu kama hiyo ya huku Kenya, haitoshi kueleza ya kule.

MamaWawili_Umoja: Asanteni. Ni mwaka jana Novemba, PF3 tunayo. Na kijana wa boda wa Longido aliyegongwa kwenye ajali hiyo hiyo?

Wakili_Upperhill: Huyo adai kwao. Kama gari lilikuwa na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mpaka, atalipwa kwa sheria ya Tanzania. Hata hukumu ya kule inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu hapa, Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo hukumu zake Kenya inazitambua. Mtafuteni, dada, mwambieni. Pia ni shahidi wenu.