Naomba ushauri: mabango ya vita ya kuokoa taka za nyumbani, niyafundisheje?

Mwalimu_Muheza
Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Muheza, na muhula ujao ningependa kufundisha Vita Kuu ya Pili kwa kutumia mabango ambayo Uingereza na Marekani zilibandika kuzihimiza kaya zisitupe mifupa, karatasi, matambara, mpira, makopo wala mafuta yaliyobaki kikaangoni. Mwalimu mwenzangu ananishauri niachane nayo, kwa hoja kwamba ni propaganda tupu na kwamba sufuria walizotoa akina mama wa Uingereza mwaka 1940 ili ziundiwe ndege hazikuwahi kuruka angani. Je, niyatumieje bila kuwapotosha wanafunzi, na je, yana uhusiano wowote wa kweli na huku kwetu?

Mkutubi
Mwalimu, mwenzako ana hoja kuhusu sufuria. Lord Beaverbrook, waziri wa utengenezaji wa ndege, alitoa wito wake Julai 1940, na wanawake wa kujitolea wa Women's Voluntary Service wakakusanya marundo ya vyombo vya alumini ili zipatikane ndege za kivita za Spitfire na Hurricane. Hata hivyo wanahistoria wengi wanaona kwamba faida yake kubwa ilikuwa kuwatia watu moyo, kwa sababu alumini ya jikoni haikufaa moja kwa moja kuundia ndege. Lakini hilo halilifanyi bango kuwa bure. Bango haliwezi kuthibitisha kwamba wananchi walitii, ila linakuonyesha vizuri sana kile ambacho serikali ilikuwa imepungukiwa siku lilipobandikwa.

Kwa hiyo waambie wanafunzi waangalie kwanza mwaka. Ujerumani ilipoivamia Norwei Aprili 1940, Uingereza ilipoteza sehemu kubwa ya malighafi yake ya karatasi, na ndiyo maana karatasi ikadaiwa kwa nguvu kiasi hicho. Japani ilipoiteka Malaya na kisha Singapore, iliyoanguka tarehe 15 Februari 1942, mpira ukawa adimu, na Juni mwaka huohuo Rais Roosevelt akawaomba Wamarekani wapeleke matairi, mipira ya kumwagilia bustani na makoti ya mvua kwenye vituo vya mafuta, ambako walilipwa senti moja kwa kila ratili.

Ukilazimika kuchagua bango moja tu, chagua la Marekani lililochorwa na Henry Koerner mwaka 1943. Mkono umeinamisha kikaango, mafuta yanamwagika, na yanapoendelea kushuka yanageuka kuwa mlipuko. Maneno yake yanasema mafuta hayo yahifadhiwe kwa ajili ya baruti, kisha yanaeleza pa kuyapeleka: bucha. Mambo hayo mawili yana ukweli nyuma yake, kwani mafuta hutoa gliserini, na gliserini ndiyo inayotengenezea nitrogliserini, ambayo ni kilipuzi. Na mwenye bucha alikuwa akiyalipia. Baadaye serikali iliongeza alama za mgao, za kununulia vyakula vilivyogawiwa kwa kipimo, kwa aliyeleta mafuta, jambo linaloashiria kwamba uzalendo peke yake haukutosha kulijaza kopo. Hilo ni swali zuri la mtihani.

Bi_Msomi
Naongezea kwamba si kila kitu kiliombwa kwa upole wa mabango. Nchini Uingereza kuchoma au kutupa karatasi kulifanywa kosa la jinai mwaka 1942, na uzio wa chuma wa bustani na nyumba nyingi ulikatwa kwa amri, wenye nyumba wapende wasipende. Jambo lililonifurahisha ni kwamba baada ya vita machela za chuma zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya majeruhi wa mabomu zilipata kazi mpya London kama uzio wa majengo ya makazi, na baadhi yake zipo hadi leo. Wape wanafunzi bango na sheria kwa pamoja, waone serikali ileile ikibembeleza kwa mkono mmoja na kutoza faini kwa mwingine.

Fundi_Chapa
Kuhusu kuchapisha, usiwe na wasiwasi mkubwa. Kazi za serikali ya shirikisho ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo, na haki ya Serikali ya Uingereza juu ya mabango iliyoyatoa wakati wa vita ilikwisha miaka 50 baada ya kuchapishwa. Chapa kwa ukubwa wa A3 angalau. Kwenye A4 maandishi madogo ya chini, ambayo mara nyingi ndiyo yenye maelekezo ya nini kifanywe, hayasomeki kutoka dawati la nyuma.

Mzee_wa_Mkonge
Mwalimu, kuhusu huku kwetu huna haja ya kulazimisha chochote, hasa kwa kuwa uko Muheza. Upungufu uleule uliomfanya mama wa Marekani aombwe makoti ya mvua ndio uliofufua mashamba ya zamani ya mpira ya Tanganyika, na Ufilipino ilipotekwa pamoja na katani yake ya kamba za meli, mkonge wetu ukapanda thamani ghafla. Tofauti ni kwamba mama yule alibembelezwa kwa picha nzuri, ilhali huku serikali ya kikoloni iliandikisha watu kwa nguvu kwenda mashambani. Waulize wanafunzi ni nani katika vita vilevile alitengenezewa bango, na ni nani aliyeletewa amri.

Mwalimu_Muheza
Nawashukuru sana nyote. Nitaanza na bango la Koerner, nifuate na sheria ya karatasi, kisha nimalizie na mkonge kwa somo zima, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wangu ni wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge. Mzee, je, naweza kukuandikia faraghani kuhusu mashamba ya mpira ya upande huu?

Mzee_wa_Mkonge
Karibu, mwalimu. Andika wakati wowote.